Kabla Sijajua Kukoroga Tui

Juzi kijana mmoja aliyehamishwa kutoka Kiambu kuja kufanya kazi hapa Malindi alinisimamisha njiani, karibu na nyumba yangu kule Muyeye, akaniuliza kama mtaani kuna mahali anaweza kupata chakula cha kawaida. Nilimtazama. Nyuma yake mama mmoja alikuwa akiepua mahamri. Kando yake kulikuwa na sufuria ya mbaazi inatoa mvuke, na mbele yake mtu anachoma mihogo na kuipaka pilipili na ndimu. Amezungukwa na chakula pande tatu, na bado anauliza chakula kiko wapi! Nikamwambia aendelee mbele tu, labda akifika Nairobi atakipata.

Sijuti kumjibu vile. Lakini naona vijana wa aina yake wanaongezeka. Kila mwezi mnateremka na godoro, televisheni kubwa na karatasi ya uhamisho, na kabla hamjafungua mizigo mmeshaanza kulalamika kwenye simu zenu: joto, mbu, nazi, watu wapole mno. Nimeona heri niwasimulie yaliyonipata, ili mkiaibika muaibike kwa makosa mapya. Ya zamani niliyamaliza mimi mwenyewe.

Mimi ni mtu wa Nyandarua. Nimepika katika mesi ya wafanyakazi wa hoteli moja ya ufuoni hapa Malindi mpaka nilipostaafu mwaka jana. Mesi, kwa mlio na bahati ya kutoijua, ni kile chumba cha nyuma ya hoteli, jirani na mapipa ya taka, ambamo watu waliokesha wakiwapikia wageni kamba na pweza huingia kula maharage. Wageni hawakijui. Nao wenye hoteli hukisahau, mpaka siku wafanyakazi wakigoma.

Kabla ya hapo nilikuwa mpishi wa shule ya bweni kwetu, na huko ndiko nilikoharibikia. Mpishi wa shule hujiona bingwa kwa sababu sufuria hurudi tupu kila siku. Hajiulizi kama mtoto wa bweni ana pengine pa kula. Basi nikateremka Malindi na koti zito, gunia la viazi na kifua mbele, nikiamini kwamba Pwani nzima ilikuwa imekaa na njaa ikinisubiri. Koti nililivua nikiwa bado stendi. Kifua kilichukua muda zaidi.

Hoteli ilinipa miezi mitatu ya majaribio. Meneja, mtu mpole mwenye tabasamu la kuuzia vyumba, alinieleza bila kuficha kwamba wafanyakazi wakinikubali nitaajiriwa, na wakinikataa nitapewa nauli ya kurudi nilikotoka. Mke wangu Wambui alikuwa amebaki Ol Kalou kwa kaka yake, yeye na watoto wetu wawili, na tulikuwa tumekubaliana kwamba hawatasogea mpaka niajiriwe kikweli. Yule kaka hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na tabia ya kuuliza, watu wote wakiwa mezani, kama shemeji amepata kazi au bado anatalii baharini. Wambui hakunilalamikia hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma. Kila sufuria niliyoinjika katika miezi ile niliiinjika nikiwa na hofu ya kumrudia mikono mitupu.

Siku ya kwanza niliwapikia fahari ya kwetu, viazi vilivyopondwa na mahindi ndani yake, na kabichi ya kukaanga pembeni. Nilipakua milima. Mwakilishi wa wafanyakazi alikuwa Kahindi, Mgiriama mrefu aliyetunza bustani ya hoteli, mtu ambaye akinyamaza, chumba kizima kinanyamaza. Alikitazama chakula, akakisukuma kwa kijiko kutoka upande huu wa sahani hadi upande ule, kisha akaniuliza kwa adabu:

"Bwana mpishi, mchuzi u wapi?"

"Hiki hakina mchuzi. Ni chakula kamili."

"Kitapitaje?"

"Kipite wapi?"

"Kooni, bwana."

Watu hawakucheka. Laiti wangecheka. Walikula vijiko viwili vitatu, wakasema ahsante, wakatoka. Kwetu chakula kikiwa kibaya mtu hukwambia, tena kwa sauti, na mnaweza kugombana mkaelewana. Mpwani atakushukuru. Ukisikia "ahsante, nimeshiba" kwa mtu ambaye sahani yake imejaa, jua umeshahukumiwa.

Mtu mmoja tu ndiye aliyenisifu wiki zile. Aliitwa Karisa, mfugaji wa bata, aliyekuja na mkokoteni kila jioni kuzoa makombo ya mesi. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mpishi aliyekutangulia alikuwa mchoyo," akaniambia. "Ndoo robo, siku nyingine hata robo haifiki. Lakini wewe ndugu yangu una moyo. Pika vivyo hivyo, usimsikilize mtu!" Bata wake walinenepa mpaka wakawa wanavuka barabara kwa kutembea, na magari ndiyo yanayosubiri.

Wafanyakazi walikuwa wakitoka nje ya geti saa za chakula, nami nikawafuata nione wanakula nini. Getini aliketi Bi Rukia, mzaliwa wa Takaungu, mama mtu mzima mwenye buibui lililopauka na meza ya mahamri na mbaazi. Nikamsogelea nikasema, kama tunavyosema kwetu, "Mama, nipe mahamri manne."

Akaendelea kupanga vikombe. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, nikidhani ana tatizo la masikio. Akamhudumia mtu aliyekuja nyuma yangu. Wakaulizana walivyoamka, wakaulizana watoto, wakafika kwenye mguu wa mkwe wa yule mtu, wakausikitikia mguu ule kwa kirefu, ndipo mahamri yakatoka. Alipomaliza akanigeukia.

"Wewe wataka mahamri au wataka vita?"

"Mahamri."

"Basi enda, kisha urudi uje kama mtu."

Nikaenda. Mtu mzima, kofia ya upishi kichwani, nilitembea mpaka kwenye nguzo ya geti, nikageuka, nikarudi nikasema shikamoo. "Marahaba, mwanangu," akasema, na uso wake ukafunguka kana kwamba ndiyo kwanza ananiona. "Umeamkaje? Watu wa nyumbani hawajambo?" Nikamwambia watu wa nyumbani wako mbali. Akaniuliza ni kina nani, nikamtajia Wambui na watoto. Akanifungia mahamri matano.

Najua mnasema moyoni, huyu mzee anatupotezea muda, siku hizi mtu anaagiza chakula kwa simu. Agizeni. Lakini niliwaona wengi mesini miaka yote ile, vijana wa kutoka bara wenye haraka, wanaingia ofisini asubuhi na kuanza na "ile ripoti iko wapi?" kabla ya salamu. Ripoti haikupatikana. Ilikuwa mezani, imefunikwa na gazeti, na mwenye kuifunika alikuwa ameketi palepale akitabasamu.

Chai nayo ilinitesa. Kwetu chai ni maziwa yaliyotiwa majani. Hapa nilipewa chai ya rangi yenye tangawizi, nikaona nimedharauliwa. Nikanunua maziwa ya pakiti yaliyotoka Mariakani, nikateka maji kwenye kisima cha nyumba niliyopanga, nikajipikia chai ya heshima. Ikawa na ladha ya supu. Nikarudi dukani kwa Bwana Hasmukh, mwenye duka la vyakula, kumwambia maziwa yake yameharibika. Kwa kuwa nilimwona Mhindi, nilisema naye polepole, neno moja moja, na mikono nikaitumia pia, nikijikamua kifua kama ng'ombe ili aelewe maziwa.

Alinisubiri nimalize. "Maziwa hayana ila, bwana," akasema. "Maji ya kisima chako yana munyu. Chai hupikwa kwa maji ya mfereji. Na mikono iteremshe, mimi si kiziwi, watu watadhani wanitukana." Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu mpaka leo. Baba yake alizaliwa mtaa uleule, na babu yake vilevile, nami niliyekuwa na wiki tatu mjini ndiye niliyemfanya mgeni. Nikanunua kwake dumu la maji ya mfereji, nikaondoka nikiwa mfupi.

Msifikiri nawaogopa watu wa Pwani kwa kuwa naishi kwao. Nao wana yao. Kila mmoja hapa atakuapia kwamba hakuna pilau duniani inayoishinda ya mamake, na mkikutana watu sita mna pilau sita zisizoshindika, na hakuna hata moja mezani. Mchukue huyohuyo umhamishie Nyahururu uone. Hubeba nazi sanduku zima, huvaa sweta mbili juu ya kanzu, na wiki ya kwanza tu ameshawapigia ndugu zake simu kwamba huku watu hula majani kama mbuzi. Ugonjwa ni mmoja. Mtu akihama, tumbo hubaki nyuma likisubiri gari la mwisho.

Basi mwezi wa Ramadhani ukaingia, nami nikiwa nimebakiza mwezi mmoja wa majaribio. Meneja aliniambia kwamba Waislamu wa zamu ya jioni watafungua saumu mesini, niwaandalie. Nikafurahi sana. Niliona hii ndiyo nafasi yangu. Nikajiambia, mtu aliyeshinda bila kula wala kunywa tangu alfajiri anahitaji kitu cha kumshika. Nikasonga ugali mgumu kama wa wachuma chai, nikaupikia maharage mazito na kabichi, nikavipanga mezani mapema ili mtu asisubiri. Hata vikombe vya maji sikuweka, nisije nikawajaza tumbo bure.

Adhana ikalia. Watu wakaketi. Nikawaona wanatafuta kitu mezani kwa macho, wanainua vifuniko, wanafunika tena. Walikuwa wakitafuta tende. Walikuwa wakitafuta maji, uji wa pilipili manga, kitu laini cha kuliamsha tumbo taratibu. Mzee Athmani wa chumba cha kufulia, aliyekuwa mkubwa wao, aliinuka mwenyewe akaenda kwenye bomba, akanywa kwa kiganja, akasema Alhamdulillahi, kisha akarudi akamega ugali. Tonge lilimkatalia mdomoni. Akalitafuna, akalitafuna, huku akinitikisia kichwa kwa upole ili nisijisikie vibaya.

Kahindi hakuwa Mwislamu wala hakuwa amefunga. Ndiye aliyelipuka.

"Mtu ashinde na njaa mchana kutwa, nawe wamrudishia roho kwa tofali? Wataka kuwaua?"

"Nimewapikia washibe!"

"Kushiba si kushindiliwa! Hukuuliza? Hapa pana watu thelathini wenye midomo, hukumpata hata mmoja wa kumuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza mtu kwa sababu niliona aibu mpishi kuuliza. Hapo ndipo Bi Rukia alipoingia, kwa kuwa kelele zilimfikia getini. Alikuwa njiani kwenda kwake na kikapu chake cha futari, tende na mihogo ya nazi na mbaazi, kilichokuwa cha mumewe na wajukuu. Akakiweka mezani mbele ya Mzee Athmani. Kisha akachukua sinia langu la ugali na maharage, akalifunika kwa kanga.

"Bi Rukia, na nyumbani watakula nini?" nikamuuliza.

"Watakula hiki chako. Mungu atawasaidia."

Kesho yake nilimngoja getini kwa hofu. Nikamwamkia kwa ukamilifu, nikamuuliza hali ya mumewe. "Yu hai," akasema. "Amesema nikwambie, ukishindwa na upishi usihangaike, una mkono mzuri wa kujenga nyumba." Akacheka mpaka akashika meza. Nami nikacheka, ingawa moyoni nilikuwa nimeshaanza kufunga mizigo. Nikamwambia ukweli, kwamba mwezi ukiisha nitafukuzwa, na Wambui atajua nimeshindwa, na kaka yake ataniuliza mbele ya wanangu. Aliacha kucheka.

"Alasiri nitakuja jikoni kwako," akasema. "Utie nazi kumi tayari. Na usinijie na yale majivuno, sina pa kuyaweka."

Hivyo ndivyo nilivyoanza shule, vijana, na shule hiyo haikutoa cheti. Bi Rukia aliketi kwenye kiti karibu na mlango, akakataa kugusa kitu chochote, akaniamuru. Nilivunja nazi, nikaketi juu ya kibao cha mbuzi, nikakuna. Vidole nilivikuna pamoja nazo. "Wakuna nazi au wajikuna wewe?" akaniuliza. Alinifundisha kuacha kukuna kabla ya kufikia ile ngozi nyeusi, maana ikiingia tui hukosa weupe. Alinifundisha maji ya vuguvugu, yasiwe moto. Tui la kwanza kukamuliwa ndilo zito, hilo liweke kando kama mtu anavyoweka nguo ya Idi. Tui la pili ni jepesi, ndilo la kupikia. Mbaazi zikishaiva kwa tui jepesi, ndipo tui zito huingia mwishoni, na hapo usiondoke, usifunike, usipokee simu. Koroga mpaka lichemke.

Nilipokea simu. Wambui ndiye aliyepiga, ningefanyaje? Niliporudi sufuriani tui lilikuwa limekatika, mafuta huku, maji kule, mbaazi zinaelea katikati kama watu waliozama. Bi Rukia alitazama ndani. "Mwambie mkeo," akasema, "akitaka kuja huku, akupigie ukishaepua."

Alasiri ile nilianza upya kwa nazi nyingine kumi, na futari ikachelewa kidogo, lakini ikafika. Mzee Athmani alikula mbaazi zile bila kunitikisia kichwa. Alikuwa anakula tu, ameinama, na mkono wake ulirudi kwenye bakuli mara nyingi. Siku ya pili nilifanya mihogo. Siku iliyofuata nikaharibu viazi vitamu, nikavitia chumvi kama mbatata. Nikaulizia. Nilikuwa nimegundua kwamba kuuliza hakuumizi, na nikawa siachi. Niliuliza watu wa vyumbani namna ya kumtoa papa mkavu chumvi, nikauliza madereva pilipili iingie lini. Kahindi nilimuuliza kuhusu mtsunga, zile mboga chungu za Kigiriama. Akanitazama kwa muda kama anayetafuta mtego ndani ya swali, kisha kesho yake akaniletea furushi zima kutoka shambani kwao.

"Zitie nazi," akasema, "na usizitie sukari. Najua mawazo yako."

Nilikuwa nimeshashika kijiko cha sukari.

Siku hizi tui huja kwenye pakiti. Kabla sijastaafu waliniletea msaidizi aliyesomea upishi chuoni, kijana safi, akafungua pakiti kwa makasi, akamimina yote kwenye mchele tangu mwanzo, akafunika, akaenda kutazama mpira kwenye simu. Wali ukashika chini na juu ukawa mbichi. Nikamuuliza nani alimfundisha. Akaniambia ameona kwenye video. Sisemi pakiti ni mbaya, mgongo wangu unaishukuru. Lakini pakiti haikwambii uache kufunika, wala haikufukuzi urudi uje kama mtu. Huyo mwenye video alikuwa anapikia kamera. Kamera hailalamiki kwamba hakuna mchuzi.

Turudi kwenye mwezi wangu. Ramadhani ikaisha, Idi ikapita, na majaribio yangu yakafika mwisho. Meneja alikuja mesini wakati wa chakula cha mchana, na tabasamu lake, akasimama mbele ya watu wote. Nilikuwa nimepika wali wa nazi na mchuzi wa samaki, na ule mtsunga wa Kahindi. Nilisimama nikifuta mwiko uleule kwa aproni. Nilijua Wambui ameketi Ol Kalou na simu mapajani, maana nilikuwa nimemwambia leo ndiyo leo.

"Jamani," meneja akasema, "mnajua huyu bwana amemaliza muda wake. Nimepata mpishi mwingine anayetaka nafasi hii. Yuko Nakuru, ana vyeti vizuri, anaweza kufika wiki hii. Mnasemaje? Tubaki na huyu au tumlete yule?"

Watu wakaendelea kula. Nilimtazama Mzee Athmani, akainamia sahani yake. Nilimtazama Bi Rukia aliyekuwa amesimama mlangoni na kanga yake mdomoni, naye akatazama dari. Nikasema moyoni, basi, hao ni watu waungwana, hawataki kuniambia mbele yangu.

Kahindi alimaliza tonge lake. Akanawa mikono, akajifuta polepole, kidole kwa kidole. Kisha akauliza:

"Nakuru?"

"Ndiyo, Nakuru. Ana vyeti vitatu."

"Huko wanakula kabichi?"

Meneja akacheka kidogo. "Nafikiri, kama sehemu nyingine."

"Bwana meneja," Kahindi akasema, "huyu hapa alipokuja hakujua kitu. Tumeteseka naye. Bi Rukia ameteseka naye, Mzee Athmani karibu afe kwa tonge. Sasa ndiyo kwanza ameanza kuuliza. Nawe wataka utuletee mwingine mbichi, tena mwenye vyeti, tuanze naye kabichi upya? La. Mwache huyuhuyu."

Chumba kizima kikaangua kicheko, na vicheko vya wale watu vilikuwa vitamu kuliko sifa yoyote niliyopewa maishani. Meneja akaandika kitu kwenye simu yake, akanipa mkono, akaondoka. Kahindi alipopita karibu nami hakusimama. "Chumvi ilizidi leo," akasema, akaenda kwenye bustani yake.

Niliingia stoo nikakaa juu ya gunia la mchele. Machozi yalinitoka, sikuyazuia. Nikampigia Wambui. Alipokea kabla simu haijaita vizuri.

"Wamenichukua," nikamwambia. "Funga mizigo."

Nikasikia sauti za watoto nyuma yake. Kisha, kwa kuwa ananijua, akauliza, "Kwa hiyo wanakipenda chakula chako?"

"Hapana," nikasema. "Wanaogopa cha mwingine."

"Basi hiyo ni kazi ya kweli," akasema. "Tunakuja."